Hirola wa Ijara wanahitaji nyasi

Hirola ni swala wa rangi ya udongo, mwenye mstari mweupe kati ya macho mithili ya fremu ya miwani. Makao yake ya asili ni kusini mwa Garissa na kandokando ya mpaka wa Somalia. Kundi jingine dogo lilipelekwa Tsavo Mashariki mwaka 1963 na 1996. Miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 10,000. Leo hawafiki 500.

Sotoka iliua wengi miaka ya 1980. Ugonjwa uliisha, lakini hirola hawakuongezeka tena. Watafiti waliolinganisha picha za setilaiti za 1985 na 2012 walikuta miti imezidi maradufu. Tembo, waliokuwa wakiiangusha, walimalizwa na majangili, na malisho yaliyobaki yalilishwa kupita kiasi. Hirola hula nyasi, na penye kichaka kizito hamwoni simba mapema. Kware naye, anayetaga chini kwenye nyasi baada ya mvua, hukosa maficho. Kuhusu ng'ombe, mfugaji hahitaji kuelezwa.

Mwaka 2012 hirola 48 waliingizwa ndani ya ua wa hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, usiopitika na simba wala fisi. Baada ya miaka michache walizidi 100. Ua umefanya kazi yake, lakini wakitolewa humo wataenda wapi bila malisho?

Ndiyo maana mipango sasa inalenga ardhi yenyewe: kukata vichaka vilivyovamia, kusia mbegu za nyasi za kienyeji na kulinda tembo. Wakazi waliohojiwa na watafiti waliunga mkono hayo kuliko wazo la kupunguza mifugo, jambo linaloeleweka. Wala si watu wa kupuuzwa: mwaka 1996 ni wakazi waliokwenda Mahakama Kuu na kupata amri ya kulizuia Shirika la Wanyamapori, KWS, kuwahamisha hirola kutoka kwao.

Kazi ngumu huja baada ya kusia. Chipukizi likiliwa mapema hung'oka na mizizi yake. Eneo lililosiwa kabla ya mvua za Gu linapaswa kufungwa kwa mifugo hadi nyasi zikomae na kudondosha mbegu, na wanaoamua lifungwe wapi ni wazee na kamati za malisho, kwa sababu wao ndio wanaojua mifugo itapita njia gani kwenda majini.