Somo la Ufugaji: Matandiko ya Kiota cha Kuku Wageni

MWALIMU: Sogeeni karibu na redio, na mwenye daftari alifungue. Andikeni maneno haya manne, maana mtayasikia leo: kiota, maranda, ukungu, utitiri. Asiyewahi kuyaandika yote na aandike moja.

Leo nimekuja na mama mmoja wa darasa la jioni. Shikamoo, Mama.

MAMA: Marahaba, Mwalimu. Nina shida na kuku wangu. Nimenunua kuku watano wa mayai kutoka shamba kubwa lililokuwa likiwaondoa. Nimeuziwa kwa bei ya kuku wa nyama, nami nikaona bado wanataga. Nikasema, mayai haya yatanunua sabuni na madaftari ya wajukuu. Nikawawekea sanduku, ndani nikatandika gunia. Sasa wiki mbili zimepita, na mayai mazima niliyookota hayafiki nusu. Mengine yamepasuka, mengine yamejaa mavi. Tena yuko mmoja anakula mayai. Mjukuu wangu anasema tumchinje.

MWALIMU: Msimchinje bado. Huko shambani walikaa wapi?

MAMA: Katika vizimba vya waya.

MWALIMU: Basi tuanzie hapo. Kuku wa kizimba hutaga juu ya waya uliolala mteremko. Yai likitoka, hubingirika mpaka nje, naye halioni tena. Maisha yake yote hajapata kukanyaga nyasi wala kuingia kiotani. Kwako ni mgeni kweli kweli.

Jambo la pili ni umri. Mashamba huwaondoa kuku wakiisha kutaga kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi kidogo. Kuku akizeeka, mayai yake huwa makubwa, lakini ganda huwa jembamba. Sasa fikirini. Kuku anapotaga huinuka kidogo, na yai huanguka. Ganda jembamba linaanguka juu ya gunia, na chini ya gunia ni ubao. Linapata ufa. Kuku anadonoa ule ufa, anaonja, anaona kitamu. Kesho hangoji yai lipasuke, analipasua mwenyewe. Kwa hiyo, Mama, huyo mlaji wa mayai huenda alifundishwa na gunia.

MAMA: Kumbe!

MWALIMU: Gunia lina ubaya mwingine. Hushika unyevu na mavi, na katika mikunjo yake wadudu hujificha. Na unyevu ni adui wa yai kwa sababu ambayo watu wengi hawaijui. Sikilizeni vizuri hapa.

Ganda la yai si kama chupa. Lina vitundu vidogo sana, zaidi ya 7,000, ambavyo macho hayavioni. Kwa vitundu hivyo kifaranga hupata hewa. Yai likitoka tumboni lina joto la mwili wa kuku, kadiri ya digrii 41. Likianza kupoa, vilivyomo ndani hunywea kidogo, na yai huvuta hewa kutoka nje. Kama limelala mahali pakavu na safi, huvuta hewa tu. Kama limelala katika mavi mabichi, huvuta na vijidudu pamoja. Ndiyo maana yai laweza kuharibika hata kama umelifuta vizuri baadaye. Yai lina utando mwembamba juu ya ganda unaolikinga, lakini utando huo ukilowa au ukisuguliwa, kinga hupungua.

Kwa hiyo matandiko tunayotafuta yawe makavu, yawe laini na mazito ya kutosha kulipokea yai, tena yawe rahisi kuondoa yakichafuka. Tutazame yale tuliyo nayo.

Kwanza maranda, yaani mabaki membamba yaliyojikunja yanayotoka katika randa ya seremala. Mimi nayapenda kuliko mengine. Hunywa unyevu, hayashikamani, na kuku hawayali.

MAMA: Seremala wetu hunipa bure. Ila mara nyingine hunipa ule unga wa msumeno.

MWALIMU: Unga wa mbao mwachie. Una vumbi, na kuku ana mapafu mepesi kudhurika. Ukilowa hugandamana kama uji. Na hata maranda, muulize seremala mbao zilikuwa za namna gani. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa hazifai kabisa, wala zile zenye harufu kali ya kuchoma pua.

Walio Kilombero, Mbarali na kwingine kwenye mashine za mpunga, wana makapi ya mpunga. Ni makavu, tena bei yake ni ndogo. Lakini angalieni: nasema makapi, yale maganda magumu. Sisemi pumba laini za kulisha mifugo. Pumba ni chakula. Kuku ataingia kiotani ili ale, naye atapekua mpaka mayai yagongane. Makapi nayo yana tabia ya kuteleza. Kuku akijizungusha mara tatu, yamekimbilia pembeni na ubao umeonekana. Yawekeni chini, na juu yake wekeni nyasi.

Nyasi kavu ndizo matandiko ya wengi, nami sioni aibu kuzisifu. Zianikwe juani mpaka zikatike mkononi kwa sauti, kisha zikatwe ziwe na urefu wa kidole. Nyasi ndefu kuku huzimeza, na pengine hufanya donge katika mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Kuku wa kizimba hasa, kwa kuwa hajui nyasi, huweza kujaribu kuzila. Kagera na Kilimanjaro watu wana majani makavu ya migomba. Hayo nayo ni mema, ila yachanwe, kwa maana jani zima huteleza.

Msitie kitu chochote chenye ukungu. Nyasi zilizonyeshewa, mabua yaliyolala chini, maganda ya karanga yenye vumbi jeusi au la kijani: vyote vichomeni au vipelekeni kwenye mbolea. Vumbi la ukungu likiingia mapafuni humletea kuku ugonjwa wa kuhema, na vifaranga ndio hufa kwanza.

MAMA: Na ule utitiri? Jirani yangu alikimbiwa na kuku wote, wakalala mtini.

MWALIMU: Walikuwa na akili kuliko mwenyewe, asikasirike akinisikia. Kuna utitiri unaojificha mchana katika nyufa za sanduku na usiku hutoka kunyonya damu. Huzaana haraka, kwa joto la kwetu, wiki moja au siku kumi zatosha yai la mdudu kuwa mdudu mzima. Kwa hiyo kubadili matandiko peke yake hakutoshi. Toa yote, choma, mwaga maji yanayochemka katika nyufa, anika sanduku juani mpaka likauke kabisa, ndipo utandike upya. Wazee wetu huchanganya majani makavu ya mwarobaini au ya tumbaku. Ni desturi nzuri, lakini isiwe badala ya kusafisha. Wadudu wakizidi, mwone bwana mifugo akupe dawa ya kuku, si dawa ya mimea shambani.

Sasa, Mama, sanduku lako lina upana gani?

MAMA: Kama futi moja kila upande.

MWALIMU: Linafaa, na kuku watano wanatosheka na moja, ingawa mawili ni bora. Pigilia ubao mbele, kimo cha kiganja, ili matandiko yasimwagike. Jaza kiasi cha vidole vinne, kisha bonyeza katikati kwa ngumi upate kishimo. Weka sanduku mahali penye giza kidogo. Fito za kulalia ziwe juu kuliko sanduku, la sivyo watalala ndani na kunya humo. Ndani weka yai la mti au jiwe laini lenye umbo la yai. Kuku mgeni akiliona hufahamu kuwa hapa ndipo pa kutagia, na yule mlaji akilidonoa ataumiza mdomo bure.

Wafungie bandani siku chache, okota mayai mara mbili au tatu kabla ya adhuhuri, maana wengi hutaga asubuhi. Wape maganda ya mayai yaliyookwa na kusagwa yasitambulike tena.

MAMA: Na asipoacha?

MWALIMU: Wengine hawaachi, Mama, sitakudanganya. Mpe wiki tatu. Baadaye mjukuu ataamua.

Kazi ya darasa: kila mmoja kesho asubuhi achote matandiko ya kiota chake na kuyafinya. Yakibaki donge mkononi, ni mabichi, ayatoe siku hiyo hiyo. Kisha aandike daftarini tarehe aliyotandika upya, na idadi ya mayai mazima kila siku mpaka tutakapokutana tena. Kwaherini.