Jino limetoboka? Uliza kama linaweza kuzibwa kabla ya kung'olewa

Katika makazi ya wakimbizi na vijiji vinavyoyazunguka, watu wengi humwona daktari wa meno pale tu maumivu yanapowanyima usingizi. Wakifika, mara nyingi jino limeshaharibika hadi ndani, na kinachobaki ni kuling'oa. Lakini jino lililotoboka likiwahiwa linaweza kuzibwa na kuendelea kutafuna kwa miaka. Makala hii inaeleza dalili za kuangalia, jinsi jino linavyozibwa, na mahali pa kuanzia ukiwa Uganda.

Jino hutobokaje?

Wengine husema ni mdudu anayekula jino. Ukweli ni kwamba bakteria wanaoishi mdomoni hutumia sukari tunayokula na kutoa asidi, na asidi hiyo hulainisha sehemu ngumu ya nje ya jino. Kinachodhuru zaidi ni kurudia mara nyingi: anayekunywa chai ya sukari au soda kidogo kidogo mchana kutwa huumiza meno yake kuliko anayekunywa kikombe kimoja wakati wa chakula.

Mwanzoni huonekana doa jeupe au la kahawia, wala haliumi. Katika hatua hiyo, kupiga mswaki kwa dawa ya meno yenye floridi kunaweza kuzuia uharibifu usiendelee. Tundu likishatokea, halijifungi lenyewe. Linahitaji kuzibwa.

Dalili za kuangalia

Nenda mapema ukiona mojawapo ya haya:

- Jino linashtuka ukinywa kitu baridi, cha moto au kitamu, kisha linatulia haraka.
- Chakula kinakwama mahali palepale kila ukila.
- Kuna doa jeusi, au tundu unalolisikia kwa ulimi.

Jino la namna hii mara nyingi bado linaweza kuzibwa.

Maumivu yakidumu kwa muda mrefu au yakikuamsha usiku, huenda uharibifu umefika kwenye kiini cha jino, penye neva na damu. Hapo kuziba peke yake hakutoshi. Utahitaji matibabu ya mzizi wa jino, ambayo hayapatikani kila hospitali, au kung'olewa. Na maumivu yakiisha ghafla bila matibabu, usidhani umepona. Inawezekana neva imekufa na usaha unajikusanya chini ya jino.

Jino linazibwaje?

Daktari huangalia jino kwanza, na penye mashine hupiga picha. Tundu likiwa kubwa hukuchoma sindano ya ganzi. Kisha huondoa sehemu iliyooza, hukausha jino kwa pamba, hujaza tundu na kukuambia uume meno ili ahakikishe jino halijawa refu kuliko mengine.

Watu wengi huogopa mashine ya kutoboa, au hudhani jino haliwezi kuzibwa mahali pasipo na umeme. Si hivyo. Katikati ya miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nchini Tanzania kilikuwa mahali pa kwanza kujaribiwa njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu. Daktari hukwangua sehemu iliyooza kwa kijiko kidogo cha chuma, kisha hujaza tundu kwa saruji ya meno iitwayo glasi ayonoma, ambayo hushika jino na kutoa floridi. Mara nyingi sindano haihitajiki. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliitangaza njia hii mwaka 1994, na mwaka 2021 liliiweka saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu.

Katika orodha hiyohiyo kuna dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi. Hupakwa kwenye tundu ili kuzuia lisiendelee kuoza, na huwafaa sana watoto wanaoogopa vifaa. Sehemu iliyooza hubaki nyeusi. Hilo ni kawaida.

Uanzie wapi?

Anza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Nchini Uganda wakimbizi na wenyeji hutibiwa katika vituo vilevile, na huduma katika vituo vya serikali hazilipiwi. Mhudumu wa meno kwa kawaida hupatikana kuanzia kituo cha ngazi ya nne na katika hospitali. Kituo chako kikiwa kidogo, omba barua ya rufaa, au muulize VHT wa kijiji chako siku ambazo mhudumu wa meno hufika.

Ukifika, uliza maswali haya:

- Je, jino hili linaweza kuzibwa?
- Vifaa vya kuziba vipo leo? Kama havipo, nirudi lini?
- Ni lazima ling'olewe? Kwa nini?

Ukienda kliniki ya binafsi, uliza bei kabla ya kuketi kitini. Mwambie daktari kama una mimba, kisukari, ugonjwa wa moyo, au kama kuna dawa inayokudhuru. Mjamzito anaweza kutibiwa meno. Usikubali kung'olewa jino sokoni na mtu asiyesomea kazi hiyo, kwani vifaa visivyosafishwa vizuri vinaweza kukuambukiza homa ya ini au virusi vya Ukimwi.

Baada ya kuzibwa

Subiri angalau saa moja kabla ya kula. Kama ulichomwa ganzi, subiri iishe usije ukajiuma mdomo, na mwangalie sana mtoto. Jino linaweza kushtuka kwa siku chache. Ukiona linagusa kabla ya mengine, saruji imetoka, au maumivu yanazidi, rudi.

Usifanye haya

Usiweke aspirini, maji ya betri wala mafuta ya taa kwenye jino. Vitu hivi huunguza fizi. Antibiotiki hazizibi tundu, kwa hiyo usizinunue dukani bila kuandikiwa. Parasetamoli hupunguza maumivu unaposubiri, ila usizidishe kipimo.

Usisubiri hata kidogo ukiona uso au shingo inavimba, una homa, mdomo haufunguki, au unashindwa kumeza au kupumua. Nenda kituo cha afya mara moja, hata usiku.

Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, na watazame watoto wako mdomoni kila wiki. Hata jino la utoto linafaa kutibiwa: likioza linamuuma mtoto, linamzuia kula na kumkosesha masomo.