USHANGA WA BIBI KATIKA MWAMBAO WA MWERU

Si ajabu, katika nyumba za Nchelenge na vijiji vilivyo kando ya Ziwa Mweru, nchini Zambia, warithi kufungua kisanduku cha marehemu bibi na kukuta humo tungo la ushanga mwekundu, uzi wake umeoza. Mmoja atadai kuwa hivyo ni vito. Mwingine atasema ni takataka za dukani. Akipita mchuuzi wa vitu vya kale wakati huo wa ubishi, tungo lote huweza kuondoka kwa bei ya kilo mbili za sukari.

Ushanga huo ni kioo tu, lakini ni kioo kilichosafiri. Shanga nyingi zilizoingia bara katika karne ya 19 zilitengenezwa Venice, Italia, zikaletwa na wapagazi kutoka pwani ya Zanzibar na Bagamoyo, au na wafanya biashara wa Kireno kutoka bonde la Zambezi. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe, kusini mwa Nchelenge, Novemba 1867, alimkuta mfalme huyo amevaa mikono, soksi na kofia za ushanga wa rangi mbalimbali uliopangwa kwa ustadi. Aina nyekundu, ambayo misafara iliiita samisami, ilipendwa kupita nyingine nyingi.

Basi mrithi ataujuaje? Achukue kioo cha kukuzia, aiinue punje kwenye mwanga, atazame tundu. Punje nyekundu yenye kiini cheupe ni ya karne ya 19 au baadaye. Yenye kiini cha kijani kilichoiva kwa kawaida ni ya zamani zaidi. Lakini asikimbilie kushangilia: zenye kiini cheupe ziliendelea kutengenezwa hata karne ya 20, hivyo kiini peke yake si cheti cha umri.

Kisha atazame mistari na vipovu vilivyo ndani. Vikielekea sambamba na tundu, kioo kilivutwa kikawa bomba refu jembamba, ndipo kikakatwa vipande. Vikilizunguka tundu, kioo kiliyeyushwa na kuzungushwa juu ya kijiti cha chuma, punje moja moja. Ufito mwembamba ubavuni ni alama ya kalibu. Plastiki nayo hujitoa yenyewe: ni nyepesi, na ikiguswa shavuni haina ubaridi wa kioo.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kuukata uzi wa zamani ili kuzisafisha punje. Mpango wa rangi na mafundo ni ushahidi ambao hakuna mtaalamu awezaye kuurudisha. Kwa watu wa Luapula, ambao wengi wao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, ni vema pia kuandika mara moja jina la bibi, la mama yake, na kijiji walikotoka, maadamu yupo shangazi anayekumbuka.

Mwenye shaka aupeleke Makumbusho ya Moto Moto, mjini Mbala, uzi ukiwa mzima.