Bakuli na Mahali Pake: Upelelezi katika Magofu ya Gede

Katika riwaya ya upelelezi, kitu kilichoibwa kikirejeshwa kwa mwenyewe, kisa huwa kimekwisha. Wizi wa vyombo vya kale haumaliziki hivyo, na magofu ya Gede, karibu na Malindi, yaeleza sababu.

James Kirkman alianza kuyafukua magofu hayo mwaka 1948. Nyumba kadhaa zilipewa majina kutokana na vitu vilivyoonekana ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Kitu ndicho kilichoipa nyumba jina, nayo nyumba ndiyo inayokipa kitu maana. Lau mwizi angalitangulia kulitwaa bakuli lile, lingalibaki na thamani sokoni, lakini lingalikuwa bubu, na nyumba ingalikosa jina.

Bwana Msa, mpelelezi asiye askari aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), hutegemea akili kuliko mabavu. Mwandishi atakayempeleka Gede kijana wa namna hiyo hana budi kumfunza pia kutazama vigae. Mwizi hutafuta chombo kizima na kuvidharau vigae; kumbe vigae, vikiwa mahali pao, ndivyo vinavyomwonyesha mtaalamu tabaka la ardhi ni la enzi gani.

Basi maswali ya kijana huyo ni mawili: ni nani aliyeiba, na chombo kilikuwa kimekaa wapi. La kwanza likijibiwa pasi na la pili, mwizi atafungwa, lakini hasara itabaki.