Je, Wajua? Jaribio Dar es Salaam, Mwanafunzi Tabora

Je, wajua kuwa mwanafunzi anaweza kupima saketi halisi ya umeme iliyo mamia ya kilomita mbali naye?

Mwaka 1998, chuo cha MIT cha Marekani kilianza kuunganisha vifaa vya maabara na intaneti. Baadaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere cha Uganda na Obafemi Awolowo cha Nigeria vilishiriki katika mradi huo, ulioitwa iLabs.

Nguvu ya iLabs ilikuwa kutumia tena kilichokwisha kuundwa. Programu za kusajili watumiaji, kupanga zamu na kuhifadhi matokeo zilikuwa zilezile kwa kila jaribio. Mbunifu wa jaribio jipya aliandika sehemu inayohusu kifaa chake tu. Bodi moja ya vipimo nayo ilihudumia majaribio mengi kwa kubadilishiwa saketi.

Ndivyo ilivyokuwa misafara ya karne ya 19 iliyopitia Tabora: njia na vituo vilitumiwa na wengi, kila msafara ukabeba mzigo wake.

Kwa shule iliyo mbali na pwani, kifaa kimoja ghali kikitumiwa kwa zamu kinaweza kufundisha wengi.