Gereza, Meza na Mesa: Siku Mbili Mombasa na Njia za Maneno ya Kireno hadi Kisangani

0. Utangulizi

Mwanafunzi wangu mmoja, aliyekuwa akiandika kazi yake ya mwisho wa masomo juu ya usemi wa vijana wa Simi-Simi, aliniletea orodha ya maneno aliyoyafuta kwa kalamu nyekundu. Miongoni mwake yalikuwamo mesa, sapato na manteka. Nilipomuuliza sababu, alinijibu: "Mwalimu, hayo ni ya Kilingala. Nimeyaondoa ili Kiswahili chetu kisichekwe na watu wa pwani."

Sikuwa na jibu la kumtosheleza siku ile. Nilikuja kulipata huko huko pwani, nilipojaliwa kukaa Mombasa Jumamosi na Jumapili. Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji yale awezayo kuyaona katika mji huo kwa siku mbili, na jinsi yanavyotuangazia maneno tunayoyatamka kila siku hapa Kisangani.

1. Mji waliokuta Wareno

Ni desturi ya wageni kuuita Mji wa Kale wa Mombasa "mji wa Kireno". Jina hilo halifai. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331, akawakuta Waislamu wenye misikiti yao. Vasco da Gama alifika Aprili 1498, yaani zaidi ya karne moja na nusu baadaye. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kuuchoma moto. Kwa hiyo Wareno hawakuuanzisha mji. Waliukuta, wakaupiga, na hatimaye wakajijengea ngome kando yake.

Ngome hiyo, Fort Jesus, ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, fundi wa Kiitalia aliyemtumikia mfalme aliyetawala Ureno. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa, aliwageuka na kuitwaa. Wareno waliirudia, lakini Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698. Walirudi tena kwa muda mfupi, 1728 hadi 1729, kisha utawala wao Mombasa ukakoma.

2. Kanisa lililogeuka kifungo

Ndani ya ua wa ngome mgeni huonyeshwa masalio ya kanisa. Hapo ndipo mwanaisimu anapopaswa kusimama. Kwa Kireno kanisa huitwa igreja, na neno hilo ndilo wataalamu wanalolitaja kuwa asili ya gereza. Mabadiliko ya sauti yanaeleweka: irabu i ya mwanzo imedondoka, irabu e imepachikwa kati ya g na r ili kuvunja mfuatano wa konsonanti, na sauti iandikwayo j kwa Kireno, isiyokuwamo katika Kiswahili, imekuwa z.

Maana nayo ilisafiri. Waswahili walikuwa tayari na neno kanisa kutoka Kiarabu, hivyo hawakuhitaji jina jingine la nyumba ya ibada ya Wakristo. Gereza likawa jina la boma lenye kanisa ndani yake, halafu la boma lolote. Ushahidi upo Kilwa Kisiwani, ambako ngome iliyojengwa upya na Waomani huitwa Gereza hadi leo. Mwishoni neno likabaki na maana ya nyumba ya wafungwa. Fort Jesus yenyewe ilifanywa gereza la serikali ya kikoloni kutoka 1895 hadi 1958, kabla ya kuwa makumbusho. Maana zote tatu zimekaa katika nyumba moja: kanisa, ngome, kifungo.

3. Maneno ya nyumbani

Jumapili nilitembea mitaani. Katika Mtaa wa Biashara wanauza kanga, ambazo Wamombasa wengi huziita leso. Neno hilo latokana na lenço, kitambaa cha mkononi. Ukiingia nyumbani mwa watu utakuta meza (mesa), foronya ya mto (fronha) na kopo (copo). Wazee wakicheza karata (carta) hubishania turufu (trunfo). Juu ya ofisi hupepea bendera (bandeira). Wareno waliondoka na mizinga yao, lakini vyombo vyao vilibaki na majina yake.

4. Njia ya pili

Maneno hayo yalifika kwetu katika vinywa vya misafara ya karne ya 19. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, hakuleta Kireno. Alileta Kiswahili ambacho kilikwisha kumeza maneno ya Kireno zamani.

Lakini Wareno walikuwa pia upande wa pili. Diogo Cão alifika mdomo wa mto Kongo mwaka 1482, na mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491. Maneno yao yaliingia katika lugha za magharibi, kisha yakapanda mto pamoja na Kilingala cha wanajeshi na mabaharia. Meli zitokazo Kinshasa hukomea Kisangani, kwa kuwa maporomoko ya Boyoma huzizuia. Hapo ndipo njia mbili zilipokutana.

Tutajuaje neno limepitia wapi? Neno lililopo pande zote mbili, kama bendera na bendele, halitoshi kuwa ushahidi, maana Kilingala kingeweza kulipata kutoka Kiswahili. Lakini manteka (manteiga), ambayo watu wa pwani huiita siagi, haikutoka Mombasa. Hali kadhalika matabisi (mata-bicho), ambayo wao huiita bakshishi. Hayo yametoka magharibi.

5. Hitimisho

Niliporudi nilimwomba mwanafunzi ayarudishe maneno yote aliyoyafuta, na mbele ya kila moja aandike njia lililopitia. Aliuliza: "Na wakitucheka?" Nikamwambia kwamba mtu wa Mombasa anayeicheka mesa yetu ameegemea meza iliyochongwa kwa mti ule ule.

Kiswahili sanifu ni wajibu wetu darasani, na sishauri mtu aandike barua ya ofisi kwa usemi wa sokoni. Lakini kazi ya mtafiti si kukisafisha kile alichokisikia. Pwani wameihifadhi ngome yao ya mawe, na watu huiendea kutoka mbali. Sisi hatuna ngome. Tuna orodha ya maneno. Tukiifuta kwa aibu, hakuna atakayeijenga tena.