Ushahidi wa Jibu Lisilokuwako

Anayedai kwamba swali la hisabati lina jibu huaminiwa upesi: hulitoa jibu lake, nalo likapimwa. Lakini anayedai kwamba jibu halipo kabisa atatoa ushahidi gani, hali namba za kujaribiwa hazina mwisho?

Mwaka 1902 Gyula Farkas wa Hungaria alitoa njia kwa masharti yasiyozidi kipeo cha kwanza. Alionyesha kwamba kati ya mambo mawili, daima moja tu ndilo kweli: ama masharti yote hutimizika pamoja, ama viko vizidishi, visivyo hasi, ambavyo masharti yakizidishwa navyo na kujumlishwa hudhihirisha mgongano wao.

Mitajo ya kipeo cha pili ni migumu zaidi, kwa kuwa michoro yake yaweza kuwa na vilima pamoja na mabonde. Hata hivyo, mwaka 1971 V. A. Yakubovich wa Leningrad alithibitisha kwamba mitajo ikiwa miwili tu, mmoja ukiwa ndio sharti, kanuni hiyo husimama, mradi ipo nukta ambapo mtajo wa sharti ni hasi. Wahandisi huitumia kuhakikisha kwamba mtambo unaojiongoza wenyewe hautayumba.

Tutazame mfano. Sharti ni x² + y² − 1 ≤ 0, yaani nukta iwe ndani ya duara au ukingoni mwake. Je, mtajo 2 − x² − 2y waweza kuwa hasi? Tukitumia kizidishi 1 na kujumlisha, twapata:

(2 − x² − 2y) + (x² + y² − 1) = (1 − y)²

Jumla hii kamwe si hasi, na mtajo wa sharti hauzidi sifuri. Basi mtajo wa kwanza hauwezi kuwa hasi. Mstari mmoja umetosha kwa nukta zote za duara.

Masharti yakiwa mawili, kanuni yaweza kuvunjika. Tuseme −x ≤ 0 na 1 − x² ≤ 0. Ni dhahiri kwamba x haipungui 1, kwa hiyo x − 1 si hasi. Lakini hakuna vizidishi a na b, visivyo hasi, vitakavyofanya

x − 1 + a(1 − x²) − bx

isiwe hasi kwa kila x. Ukweli upo, ushahidi wa namna ile haupo.

Mwanafunzi na athibitishe mwenyewe: kwanza aweke x = 0, aone a lazima iwe kiasi gani; kisha aikuze x bila kikomo.